Nani Hupewa Nafasi Pichani?

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Amsterdam nchini Uholanzi, usitosheke na mifereji yake. Tenga siku moja uone picha za aina tatu: za rangi, za kuchapwa na za kamera, na mbele ya kila moja ujiulize, nani amepewa nafasi humu, na kwa nini?

Anzia katika jumba la Rijksmuseum. Humo limo "Lindo la Usiku", kazi kubwa ya Rembrandt ya mwaka 1642. Ni picha ya askari mgambo wa mji pamoja na kapteni wao, Frans Banninck Cocq. Walikuwa watu wenye uwezo, nao walichanga fedha ili sura zao zidumu. Majina 18 yameandikwa katika ngao iliyo nyuma yao. Lakini mwaka 1715 picha ilipohamishiwa katika jumba la halmashauri ya mji, ukuta haukuitosha, ikakatwa pande zote. Hivyo hata picha iliyogharimiwa na wenye mali haikusalimika na kisu.

Kisha nenda mtaa wa Jodenbreestraat, katika nyumba ambayo Rembrandt aliinunua mwaka 1639 na kuipoteza baada ya kufilisika mwaka 1656. Sasa ni makumbusho. Hapo utafahamu kazi ya kuchapa: bamba la shaba hupakwa nta, msanii huchora kwa sindano, na tindikali huila shaba palipochorwa. Hatimaye hutiwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi. Bamba moja huzaa nakala nyingi. Kwa njia hiyo hata ombaomba, wasiokuwa na senti ya kumlipa mchoraji, waliingia pichani.

Malizia katika hifadhi ya nyaraka za mji, mtaa wa Vijzelstraat. Miongoni mwa hazina zake zimo picha za kamera za mchoraji George Hendrik Breitner, aliyefariki mwaka 1923. Yeye aliwapiga picha vibarua na watumishi wa nyumbani wakiwa barabarani. Sura zao zimebaki. Ngao ya majina hawana.

Basi, msomaji, urudipo nyumbani fungua albamu ya familia. Yule yaya aliyembeba mtoto, yule fundi aliyesimama pembeni, anaitwa nani? Chukua kalamu, uandike jina lake nyuma ya picha, wangali wapo wanaolikumbuka.