Kabla Mfupa Haujavunjika

Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 11 Julai 2010 ilikuwa ya kwanza kuchezwa katika ardhi ya Afrika, na wengi tunaikumbuka kwa bao la Andrés Iniesta la dakika ya 116. Mimi naikumbuka zaidi kwa dakika ya 28. Mpira ulikuwa juu, katikati ya uwanja wa Soccer City, Johannesburg. Xabi Alonso wa Hispania akaufuata kwa kichwa, Nigel de Jong wa Uholanzi akaunyanyulia mguu, na njumu za De Jong zikatua kifuani mwa Alonso. Mwamuzi Howard Webb wa Uingereza akatoa kadi ya njano. Alonso alilala chini kwa maumivu, akainuka, akaendelea kucheza.

Webb alipoitazama picha baada ya mechi aliona kwamba ile ilistahili nyekundu, na amelisema hilo hadharani. Pale aliposimama hakuona vizuri jinsi mguu ulivyofika. Namheshimu kwa kukiri huko. Kinachonisumbua ni sisi watazamaji. Wengi wetu tuliona njano imetosha kwa sababu moja tu: Alonso aliinuka.

Sasa ipange rafu hiyo kando ya nyingine. Tarehe 3 Novemba 2019, kwenye uwanja wa Goodison Park, Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kutoka nyuma. Ilikuwa rafu ya aina tunayoiona kila mwisho wa juma. Lakini Gomes alipokuwa akianguka aligongana na Serge Aurier, na kifundo cha mguu wake kikavunjika na kuteguka. Mwamuzi Martin Atkinson alikwisha kuonyesha njano. Mguu ulipoonekana umepinda, akabadilisha, akatoa nyekundu. Son alitoka uwanjani akilia. Siku mbili baadaye chama cha soka cha Uingereza, FA, kikaifuta kadi ile.

Rafu iliyoweza kumvunja mtu mbavu ikapata njano, kwa kuwa bahati ilikuwepo. Rafu ya kawaida ikapata nyekundu, kwa kuwa bahati haikuwepo. Nikizitazama pamoja, naona kosa letu la kila siku: tunapima tendo kwa majeraha, wakati majeraha mara nyingi ni suala la sentimita chache.

Sheria ya 12 ya soka haituruhusu kupima hivyo, na naamini ina hekima kuliko mashabiki tulivyo. Inampa mwamuzi ngazi tatu. Mchezaji aliyekosa umakini huadhibiwa kwa mpira wa adhabu, bila kadi. Aliyecheza bila kujali hatari anayomletea mwenzake hupewa njano. Aliyetumia nguvu kupita kiasi, au aliyeuweka usalama wa mpinzani hatarini, hutolewa nje. Hakuna ngazi inayomtaka mwamuzi asubiri machela iingie ndipo aamue. Tena tangu miaka ya 1990, rafu za namna hii hazipimwi kwa kuuliza kama mchezaji alikusudia. Hata kuugusa mpira kwanza hakumwokoi mtu aliyeingia na nyayo juu kwenye ugoko wa mwenzake.

Swali ni moja tu: umemweka mwenzako kwenye hatari gani?

Nimelibeba swali hilo hadi nje ya uwanja, na limenibadilishia namna ya kuyatazama mengi. Dereva wa basi anayelipita lori kwenye kona, akafika salama, hushuka akisifiwa kwa kuwahi. Abiria wote wamefika, nani atamlaumu? Lakini alichokifanya pale konani ndicho kilekile anachokifanya dereva anayeua. Tofauti yao ni kwamba upande wa pili hapakuwa na gari. Tukimsifu wa kwanza na kumfunga wa pili, tumeadhibu bahati mbaya, na uzembe wenyewe tumeuacha barabarani.

Vivyo hivyo na neno letu la kujitetea, "sikukusudia". Mara nyingi ni kweli. Beki anayeruka na miguu miwili hataki kumvunja mtu, anataka mpira. Mzazi anayemtukana mtoto mbele ya wageni hataki kumdhalilisha, anataka asikie. Lakini nia njema haiungi mfupa, wala haimrudishii mtoto heshima yake. Aliye na nguvu, awe na kilo 80 na kasi ya mbio, au awe na cheo au sauti, ana wajibu wa kujua nguvu hiyo itafikia wapi kabla hajaiachia.

Habari ya De Jong haikuishia Johannesburg. Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule, akiichezea Manchester City, alimwingilia Hatem Ben Arfa wa Newcastle, na mguu wa Ben Arfa ukavunjika. De Jong hakuonyeshwa hata kadi. Siwezi kusema kadi nyekundu ya Julai ingeuokoa mguu wa Oktoba. Hakuna binadamu anayeweza kujua hilo. Ninachokitafakari ni kilichofuata. Kocha wa Uholanzi, Bert van Marwijk, aliyekuwa naye kwenye fainali ile, alimwondoa kwenye kikosi cha taifa. Waamuzi walikuwa wamekwisha kumaliza kazi yao, na sheria haikumdai kocha lolote. Alimwadhibu mchezaji wake mwenyewe, aliyekuwa akimhitaji.

Hapo ndipo naona mzizi wa nidhamu. Mwamuzi ni mtu wa mwisho kumkanya mchezaji. Kabla yake kuna kocha aliyemfundisha, nahodha anayesimama naye na mashabiki wanaomshangilia. Sisi wenye usemi wa "mpira upite, mtu abaki", tunaomwita beki katili "mwanamume wa shoka" alimradi amevaa jezi yetu, tumekwisha kumfundisha kabla refa hajapuliza kipenga. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mchezaji anayelindwa na watu wake kila anapoumiza wenzake atakutana siku moja na adhabu ambayo watu wake hawataweza kuiondoa.

Uzito wa jambo hili naupata zaidi kwenye mechi za mchangani. Ben Arfa alikuwa na madaktari wa klabu, na mshahara wake uliendelea. Kijana anayevunjwa mguu kwenye ndondo hubebwa na wenzake, akapakizwa kwenye bodaboda au bajaji hadi hospitali, na kesho yake hana kazi. Wengi wao ni vibarua, mafundi, wabeba mizigo. Mguu ndio ofisi yao. Pale, refa anayeogopa kelele za wenyeji akaiacha rafu ya kwanza ipite, kisha ya pili, hajawa mpole kwa mtu yeyote. Amempunguzia mkosaji aibu ya dakika moja, na gharama ameihamishia kwa yule atakayechezewa rafu ya tatu.

Kwa hiyo nimejifunza kuipenda kadi ya njano ya mapema. Ken Aston, mwamuzi wa Kiingereza, alipata wazo la kadi akitazama taa za barabarani, baada ya vurugu za mechi ya Uingereza na Argentina mwaka 1966, na zikaanza kutumika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Aliweka njano kabla ya nyekundu, na naiona huruma kubwa katika mpangilio huo. Anayekuonya wakati bado kuna nafasi ya kujirekebisha anakutakia mema. Katika familia, kazini na katika urafiki, tunanyamaza mno wakati wa njano, kisha tunalipuka na nyekundu.

Kuadhibu kwa haki hakutuzuii kumhurumia aliyekosa. Siku ile ya Gomes, nahodha wa Everton, Séamus Coleman, alikwenda kwenye chumba cha wapinzani kumfariji Son, ilhali mchezaji mwenzake alikuwa njiani kupelekwa hospitali. Coleman hakusema kwamba rafu haikuwepo. Alijua tu kwamba anayelia kwa sababu ya alichomfanyia mwenzake bado ni mtu wa kusaidiwa.

Basi mwamuzi atakapomtoa mchezaji wetu kwa rafu mbaya, na aliyechezewa akainuka mzima, tusimzomee kwa hoja kwamba hakuna aliyeumia. Hiyo ndiyo siku aliyoifanya kazi yake vizuri kuliko zote. Na kila mmoja wetu, nyumbani na kazini, ajiulize lile swali la Sheria ya 12 wakati mwenzake bado amesimama kwa miguu yake, maana jibu lake likija baada ya mfupa kuvunjika halimsaidii tena aliyelala chini.