Kucha za Bi Harusi: Urembo wa Jeli Bila Kupoteza Sala



Msimu wa harusi ukifika, simu yangu haitulii. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi hapa Unguja, lakini miaka hii wateja wakija kupimwa gauni huuliza pia, "Dada, na kucha unatengeneza?" Natengeneza. Ila kabla hatujachagua rangi, nami huwauliza: utasali vipi?

Rangi ya jeli si kama rangi ya kucha ya kawaida. Ikiwekwa kwenye taa inaganda, inakuwa kama plastiki nyembamba, na hukaa wiki mbili au zaidi. Hiyo ndiyo sifa yake, na kwetu sisi hiyo ndiyo shida yake. Hina huacha rangi tu na maji yanafika kwenye kucha. Jeli ni tabaka, maji hayapiti. Aya ya 6 ya Suratul Maida imetuamrisha kuosha mikono, na kucha ni sehemu ya mkono. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba kinachozuia maji kiondolewe kwanza.

Wengi wetu tunafikiria udhu, tunasahau josho. Niliwahi kupeleka gauni kwa bi harusi, nikamkuta ameshapakwa jeli saluni, kwenye kucha zake mwenyewe, zimependeza kweli. Somo wake, bibi wa makamo, akamshika mkono akaugeuza, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hii inatoka kwa maji?"

"Hapana bibi, mpaka nirudi saluni."

"Na alfajiri utakoga josho vipi?"

Chumba kizima kimya. Ilikuwa usiku, saluni imeshafungwa. Tukatafuta asetoni, tukakaa kitako tukazitoa kidole kimoja kimoja, na mwenyewe machozi yanamtoka. Aliingia ukumbini na hina yake tu, na wallahi alipendeza. Lakini machozi yale hayakuwa na lazima.

Tangu hapo kazi yangu ya jeli naifanya juu ya kucha za kubandika. Zinapakwa kabla, zinakaa kwenye kiboksi, zinavaliwa na kuvuliwa kama pete. Na unaweza kuzitengeneza mwenyewe nyumbani.

Pima kwanza

Hapa ufundi wa nguo unanisaidia: usikate kabla ya kupima. Bandika kipande cha selotepu juu ya kucha, weka alama ya kalamu pembe hadi pembe, kisha kibandike kwenye rula usome milimita. Pima vidole vyote kumi, maana mkono wa kulia na wa kushoto mara nyingi havilingani. Ukikosa saizi kamili, chukua kucha kubwa kidogo uipunguze pembeni kwa tupa. Ikiwa ndogo, itabanduka mbele ya wageni.

Namna ya kupaka

Ibandike kila kucha juu ya kijiti ili uishike vizuri. Isugue juu kwa tupa laini mpaka mng'ao uondoke, ifute kwa spiriti. Paka jeli ya msingi, nyembamba sana, uiweke kwenye taa. Taa nyingi za LED huchukua sekunde 30 hadi 60. Taa za zamani za UV huchukua kama dakika 2. Fuata maelezo ya chupa yako. Kisha rangi, mikono miwili myembamba, kila mkono na taa yake. Ukipaka nene, juu itaganda na chini itabaki mbichi, halafu itajikunja.

Pambo ninalolipenda ni asumini. Chukua pini ya kushonea yenye kichwa cha duara, chovya kwenye jeli nyeupe, weka nukta tano kuzunguka. Kabla hujaweka kwenye taa, vuta kila nukta kuelekea katikati kwa ncha ya pini, ipate umbo la ua. Igandishe, kisha weka nukta moja ya dhahabu katikati. Kidole kimoja au viwili vyenye ua vinatosha, vingine viache rangi tupu. Mkono wenye hina tayari una maua yake.

Malizia kwa jeli ya juu, ipitishe mpaka kwenye ukingo wa ncha, igandishe. Ikibaki inanata, ifute kwa spiriti.

Jeli mbichi isiguse ngozi yako. Inaweza kuleta mzio, mtu akawashwa na kuvimba vidole, na mzio huo haundoki kirahisi. Soma pia kilichoandikwa kwenye chupa. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali iitwayo TPO kwenye vipodozi, na ilikuwa ikitumika sana kwenye jeli. Chupa isiyo na maelezo, iache dukani.

Siku yenyewe

Tumia stika za gundi za pande mbili, usitumie gundi ya maji, ile inashika kwa siku nyingi. Tia udhu, kisha ndiyo uvae kucha. Udhu ukidumu, utasali nazo Magharibi na Isha. Ukitenguka, zivue: loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, inua kucha taratibu kutoka pembeni, usivute kwa nguvu. Hakikisha hakuna gundi iliyobaki, maana nayo inazuia maji. Weka stika za akiba kwenye kiboksi, na mwambie somo wako kiboksi kiko wapi.

Na dada aliye kwenye hedhi akitaka jeli kwenye kucha zake mwenyewe, aweke asetoni, pamba na foili tayari nyumbani. Sugua juu kwa tupa, funga pamba yenye asetoni kwa dakika 10 hadi 15, isukume kwa kijiti cha mbao, kisha paka mafuta ya nazi. Afanye hivyo kabla ya josho, asisubiri nafasi ya saluni.

Harusi ni siku moja, na ndani yake mna sala tano kama siku nyingine. Pendeza, bi harusi, ni haki yako. Mola awape maharusi wetu mapenzi na rehema, na ndoa zao azitie baraka. Amin.