Betri Iliyochoka Haijafa

Katika nyumba zetu za Pwani, leso haitupwi siku inapochuja. Mama zetu walipoona haifai tena kuvaliwa mbele ya wageni, waliifanya ya kushindia nyumbani; ikizidi kulegea, waliikata winda la mtoto; na mwisho ikawa kitambaa cha kuepulia chungu. Tulilelewa katika ada hiyo, nasi twaitaja leo kwa sababu akina mama kadhaa wametuuliza swali linalofanana nayo: je, betri iliyotolewa kwenye gari la umeme yafaa kununuliwa kwa matumizi ya nyumbani?

Kwanza tufahamu kwa nini hutolewa. Betri hiyo ni mkusanyiko wa seli nyingi za lithiamu, na kadiri inavyochajiwa na kutumiwa, ndivyo uwezo wake unavyopungua. Ikibakiwa na asilimia 70 au 80, mwenye gari huona safari zimekuwa fupi. Hata hivyo, kilichoishinda ni kazi ya gari tu. Gari lataka nguvu nyingi kwa ghafla. Taa, feni na friji havina pupa hiyo. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24, uniti hizi hizi tunazonunua kwa tokeni. Asilimia 70 yake ni karibu uniti 17. Nyumba itumiayo uniti 3 kwa siku yaweza kupata umeme wa siku tano. Ikiunganishwa na paneli za sola, betri hiyo huweka akiba ya jua la mchana kwa matumizi ya usiku.

Wenzetu wametangulia katika jambo hili. Katika mji wa Namie, Fukushima, nchini Japani, ambao wakazi wake walihamishwa baada ya ajali ya nyuklia ya mwaka 2011, kulifunguliwa mwaka 2018 kiwanda cha kupima betri zilizotoka kwenye Leaf. Zilizo bora hurudishwa kwenye magari. Za wastani huendesha mashine za kunyanyulia mizigo. Zilizo dhaifu huwekwa akiba ya kutumiwa stima inapopotea. Mwaka huo huo, uwanja wa kandanda wa Johan Cruijff Arena, Amsterdam, ulizindua akiba ya umeme ya megawati 3, kwa betri zinazolingana na za Leaf 148, nyingine mpya na nyingine zilizokwisha tumika.

Wenzetu hao hupima kwanza, ndipo hutumia. Twalisisitiza hilo kwa kuwa sisi wa Mombasa tumeonja uchungu wa betri zilizoshughulikiwa ovyo. Huko Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi kwa majirani zake. Watoto wakaugua, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Zile zilikuwa betri za risasi, si za lithiamu, lakini funzo ni moja: hakuna kheri katika faida ambayo gharama yake hulipwa na mtoto wa jirani.

Lithiamu nayo ina hatari yake. Betri nzima ya gari hubeba zaidi ya volti 300, umeme wa kuua. Seli iliyotobolewa au kupondeka yaweza kuwaka moto mgumu kuzimika, wenye moshi wa sumu. Hiyo si kazi ya kujaribiwa barazani na fundi wa redio.

Basi jibu letu ni ndiyo, kwa masharti. Mnunuzi na aulize: uwezo uliobaki ni asilimia ngapi, na nani aliupima? Je, kuna kifaa kinachochunga joto na chaji ya seli? Fundi atakayeifunga amesomea betri hizi? Na itakapokwisha kabisa, nani ataichukua? Swali hilo la mwisho si ufidhuli, kwani Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha wazalishaji dhamana ya bidhaa zao hata baada ya matumizi. Muuzaji mwaminifu hufichua kasoro ya bidhaa yake kabla ya kupokea pesa. Akibabaika, mwachieni betri yake.

Mkiridhika, iwekeni mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko na vyumba vya kulala, wasipofikia watoto. Kuitupa betri yenye uhai ni israfu. Lakini usalama wa wanaolala nyumbani ni amana iliyo kubwa zaidi, na ndio utangulizwe.