Nani Atailipa Mitaa ya Rio?

Fast X, filamu ya kumi katika mfululizo mkuu wa The Fast and the Furious, ilitoka Mei 2023. Nimeitazama kama nilivyozitazama zilizoitangulia: kwa furaha na bila kuona haya. Anayefundisha siasa hana sababu ya kuzibeza hadithi ambazo wanafunzi wake wanazijua kwa moyo. Nyuma ya kishindo cha injini kuna nadharia nzima ya dola, sheria na raia.

Tuanzie mbali kidogo. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, polisi aliyejipenyeza katika genge la madereva wa Los Angeles wanaopora malori anaishia kumkabidhi kiongozi wao, Dominic Toretto, funguo za gari ili akimbie. Mwaka 2011 genge hilo liko Rio de Janeiro, likiiba fedha za tajiri mhalifu, Hernan Reyes, ambaye hazina yake imehifadhiwa ndani ya kituo cha polisi. Kufikia 2013 dola inawasamehe wote kwa sababu wamelisaidia kumnasa mhalifu mwingine, na baada ya hapo wanavitumikia vyombo vya siri. Hakuna aliyejibu mashtaka ya wizi ule wa Rio. Walihitajika, basi wakawa safi.

Fast X inairudia ile siku ya Rio. Magari mawili yanaburura kasiki kubwa kuliko gari lenyewe katikati ya mji, na kasiki hilo linaponda kila kilichoegeshwa njiani. Sasa tunaambiwa kwamba mtoto wa Reyes, Dante, alikuwapo. Alimpoteza baba na urithi siku hiyo, naye amerudi kudai.

Hapo ndipo nilipotulia kufikiri. Baada ya miaka kumi na miwili, mdai pekee aliyejitokeza ni mrithi wa mali haramu. Mwenye duka lililovunjwa hakurudi. Dereva wa teksi aliyepondewa gari hakupewa hata jina. Roma nako, bomu kubwa la duara linabingirika mitaani kuelekea Vatikani, na Toretto analitumbukiza mtoni kwa ustadi wa kusisimua. Kisha yeye na wenzake wanaitwa magaidi, na dhuluma tunayotakiwa kuihuzunikia ni jina la shujaa lililochafuliwa. Wakazi wa mitaa ile hawaulizwi lolote.

Utetezi wa Toretto ni neno moja: familia. Silidharau. Watu wa asili mbalimbali wanaketi meza moja, wanaomba dua kabla ya kula, na hakuna anayeachwa nyuma. Sisi tuliolelewa katika undugu tunauelewa mvuto huo bila mkalimani. Lakini maadili yanayokomea ukingoni mwa meza hayawezi kuendesha mji. Afisa anayempa mpwa wake ajira bila ushindani naye hutaja familia, na huenda akaitaja kwa unyoofu uleule. Anayeumia ni kijana ambaye barua yake ya maombi haikufunguliwa, na huyo hayumo mezani.

Methali yetu husema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Kamera, kwa upande wake, huwafuata tembo. Sinema haina wajibu wa kulipa fidia, na sitaidai. Serikali inao wajibu huo. Inapotumia kipimo cha sinema, ikamsamehe mwenye manufaa kwake na kumsahau aliyebomolewa kibanda, huwa imekubali kwamba haki ni ya wenye majina tu.

Basi, msomaji, furahia mbio hizo kama nilivyozifurahia. Ila kasiki linapopita, litazame hata mara moja lile gari dogo lililoegeshwa kando ya barabara, ujiulize lilikuwa la nani na kesho yake alikwendaje kazini.