Chewele: Mwiba mdogo, gari kubwa

Mwiba uliotusimamisha ulikuwa mrefu kama kidole changu cha mwisho. Jua lilikuwa la utosi, mtoto analilia maji, na mbele yetu hapakuonekana hata nyumba moja. Shemeji yangu, aliyekuwa akilisifu gari lake tangu Mombasa, kwa mara ya kwanza alinyamaza.

Tulikuwa twaelekea Chewele, kata iliyo katika eneo bunge la Bura, Kaunti ya Tana River. Tulipitia Malindi na Garsen, tukafuata barabara ya Hola. Gari lenyewe ni HiAce kuukuu. Shemeji aliling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji ili familia ipike na kulala humo humo. Alifikiria kila kitu isipokuwa magurudumu.

Aijuaye Bura aujua mathenge. Mti huu ulipandwa huko miaka ya 1980, ili wakulima wa mradi wa unyunyizaji maji wapate kuni na ardhi isigeuke jangwa. Leo umetapakaa kando ya mifereji na njia, na miiba yake hufikia sentimita 5.

Mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori la pamba alitukuta hapo. Baada ya salamu aliinama, akalipapasa tairi, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, haya ni matairi ya gari dogo," alimwambia shemeji. "Nawe umeyabebesha nyumba!"

Alisema kweli. Shemeji alikuwa ameuziwa mitumba mjini, akahadaiwa na bei.

Msomaji, kabla ya kufunga safari kama hii, soma ubavu wa tairi. HiAce nyingi huvaa 195R15C, na hiyo herufi C huonyesha ni tairi la gari la mizigo. Kisha tazama nambari ya uzito. Tairi la 107 hubeba kilo 975, ilhali la 91 hubeba kilo 615 tu. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 100 ni kilo 100 kabla mama na watoto hawajapanda.

Tazama pia umri. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani.

Na upepo je? Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva. Ukiwa na shehena, fuata kile cha gari lililojaa, na upime asubuhi matairi yakiwa baridi. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja kwa kila mzunguko, hupata moto na mwishowe hupasuka. Mchana kipimo kitapanda kwa sababu ya joto. Hiyo ni kawaida, usiupunguze.

Ni katika mchanga wa laga, ile mito ya msimu, ndipo unapoweza kupunguza kama robo, uende polepole. Ukitoka mchangani, jaza tena. Kwa hivyo beba pampu, jeki na tairi la akiba lililojaa. Mvua ikinyesha, uliza wenyeji kwanza, kwani Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara huko Madogo, na hakuna tairi lingevuka.

Jambo jingine alilotufunza mzee: usikimbilie kuchomoa mwiba. Tairi lisilo na tyubu laweza kuhifadhi upepo hadi umfikie fundi. Shemeji alikuwa ameshauchomoa kwa hasira.

Tulibadilisha gurudumu, tukaingia Chewele machweo, tukapokewa kwa maziwa. Asubuhi yake fundi aliyakagua matairi yaliyosalia, akakuta miiba mingine mitatu. Shemeji alitazama kitanda chake kizuri, kisha akauliza bei ya matairi mapya.