Kabuti la Kuka

Mkazi wa Buyangu, kaskazini mwa mji wa Kakamega kando ya barabara iendayo Webuye, hahitaji kusomewa utabiri wa hali ya hewa. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu hayachoki kujikusanya juu ya Msitu wa Kakamega alasiri. Kwa mwaka msitu huo hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000. Isitoshe, umeinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 11. Kwa mtu mkavu aliyeketi karibu na mafiga, hiyo si baridi ya kutisha. Kwa aliyelowa hadi kwenye ngozi, ni baridi ya kumkausha ulimi.

Kijana mmoja wa huko aliyatambua hayo katika msimu wake wa kwanza wa kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Siku hiyo aliwapandisha wageni wawili Kilima cha Buyangu kabla ya mapambazuko, akiwa amevaa koti la plastiki aliloazima kwa jirani. Mvua iliwakuta njiani. Koti halikuvuja hata tone, ila kijana alipofika kileleni shati lake lilikuwa chapachapa kwa jasho lake mwenyewe. Waliposimama kungoja mvua ipungue, jasho lile likageuka barafu. Meno yakaanza kugongana, majina ya ndege yakamtoroka, na kila alipoinua mkono kuonyesha tawi, plastiki ilichakarika na tawi likabaki tupu. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alivua sweta yake akamvisha. Kijana aliipokea huku ametazama chini, kwani aliyeajiriwa kuwatunza wageni ndiye aliyekuwa akitunzwa. Nguo ya kuazima, wasemavyo Waswahili, haisitiri matako.

Jioni alimsimulia babu yake, ambaye nyumba nzima humwita Kuka. Mzee hakucheka. Aliuliza maswali matatu tu.

"Lilipiga kelele?"

"Ndiyo, Kuka."

"Ulitoka jasho ulipopanda?"

"Sana."

"Na baridi ilikuingia ulipotembea au uliposimama?"

"Niliposimama."

"Basi ulivaa koti la mtu wa sokoni," mzee akasema. "Mtu wa sokoni hukimbia mvua. Mtu wa msituni husimama ndani yake."

Kijana alishangaa. Kuka alikuwa mwindaji ujanani, akifuata funo na nguruwe mwitu, lakini jambo hilo halikuwa likitajwa nyumbani. Mnamo 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Mnamo 1985 sehemu ya Buyangu ikatengwa kuwa hifadhi ya taifa. Na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikumwachia mwindaji mwanya, hata yule atafutaye kitoweo. Elimu aliyoipata mzee kwa miaka mingi ikawa kitu cha kufichwa, mithili ya mali ya wizi. Hakuna mjukuu aliyewahi kumwuliza, naye hakuwahi kujitolea kusema. Usiku ule, kwa sababu ya koti, alisema.

Alieleza kwamba alikuwa na kabuti la sufu, zito kama mtoto, alilorithi kwa babaye aliyekuwa askari wa KAR katika Vita Vikuu vya Pili. Kabuti hilo lilikunywa maji kama ng'ombe, lakini hata likilowa lilibakiza joto, na lilipogusa majani halikutoa sauti. Pamba, alisema, ni rafiki wa jua. Ikilowa hukunyonya joto hadi uanze kuongea peke yako.

Wanaotaalamikia Kiswahili watatambua kuwa lugha yenyewe imeyatenganisha mambo haya: koti la mvua huzuia maji, kabuti huzuia baridi. Tatizo ni kwamba msitu hudai yote mawili kwa pamoja, na tatizo hilo ni la kale. Mnamo 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya tabaka mbili. Jina lake lingali vinywani mwa kina mama wa Kenya wanapotandika makintoshi chini ya shuka la mtoto. Kitambaa hicho kilizuia mvua nje na kufungia jasho ndani, sawa na plastiki ya jirani. Ilipita karibu karne moja na nusu kabla ya Robert Gore, mwaka 1969 huko Marekani, kupata utando wenye vijitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kuupenya, ilhali mvuke wa jasho hupita. Makoti ya namna hiyo ni ghali dukani, lakini baadhi hufika Afrika Mashariki ndani ya marobota ya mitumba, yakiuzwa na watu wasiojua walichokishika.

Ndipo mzee na mjukuu wakaenda soko la Kakamega wakiwa na shilingi 1,500. Kijana alivutiwa kwanza na koti jekundu lenye zipu za kung'aa. Kuka alitikisa kichwa: ndege wana macho kuliko watu. La pili lilikuwa la madoadoa, mfano wa wanayovaa wawindaji wa ng'ambo. Hilo mzee hakutaka hata kuligusa, maana nchini Kenya raia anayevaa kinachofanana na sare ya jeshi hujitafutia kesi. La tatu lilikuwa la kijani kilichofifia. Mzee aliligeuza ndani nje, akatazama kama mishono imezibwa kwa utepe, akausugua utando kwa kidole kuona kama unabanduka kama ngozi ya nyoka. Akaliweka mdomoni akapuliza, pumzi haikupita. Akaomba maji, akayamwaga kwenye mkono wa koti, yakaviringika na kuanguka. Mwisho alilikunjakunja karibu na sikio, macho ameyafumba. Muuzaji akamdhania mganga.

"Hili linanyamaza," akasema.

Lilikuwa pana, na mzee akalisifu kwa hilo pia, kwa kuwa chini yake patatosha sweta ya sufu, ya kuvaliwa wakati wa kusimama na kuvuliwa wakati wa kupanda. Walilipata kwa shilingi 1,100, na sweta kwa 250.

Wiki mbili baadaye mvua iliwakuta tena kijana na wageni wake, safari hii kwenye njia iteremkayo kuelekea Mto Isiukhu. Hawakukimbia. Kijana alivaa sweta, akafunga koti hadi kidevuni, akawaashiria wote watulie. Dakika zikapita, maji yakitiririka mabegani mwake. Kisha funo akatoka kichakani, akasimama katikati ya njia, masikio yakicheza, akachuma majani mawili matatu, akaenda zake bila haraka. Mgeni mmoja alikuwa amesahau kuinua kamera.

Jioni kijana alimkuta Kuka barazani, akamweleza. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu.

"Alikuwa umbali gani?"

"Kama kutoka hapa hadi pale kisimani."

Mzee akaupima kwa macho umbali ule, mkono wake wa kulia ukainuka kidogo kutoka gotini, kisha ukarudi palepale.

"Na hakukusikia?"

"Hakunisikia, Kuka."

"Kesho usilifue kwa sabuni ya unga," mzee akasema. "Na usilianike juani. Litundike hapa kivulini nilione."