Mchezo wa Kusaka Makasha, na Siku Moja ya Sanje

Wasomaji wetu, na hasa nyinyi vijana mpendao kutembea, mwezi huu twawaletea habari za mchezo uitwao jiokeshingi, yaani kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata nambari za latitudo na longitudo. Tuliujaribu wenyewe huko Sanje, katika bonde la Kilombero, nao ukatufunza jambo ambalo hatukulitazamia.

Mchezo huu umri wake ni mdogo. Setilaiti za GPS zilikuwapo tangu zamani, walakini serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kusudi usahihi wake kwa raia, hata mtu akaweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 2 Mei 2000 kizuizi hicho kiliondolewa. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo katika jimbo la Oregon, akatangaza nambari za mahali pale, na baada ya siku chache ikapatikana. Elimu yenyewe, hata hivyo, si ngeni kwetu. Mwaka 1025 Abu Raihan al-Biruni alimaliza kitabu chake juu ya kupima mahali pa miji, na miongoni mwa haja zake ilikuwa kujua upande wa Kibla kutoka mji wa Ghazna.

Kuanza si kazi ngumu. Simu yenye GPS yatosha. Weka programu ya mchezo, jiandikishe, kisha chagua kasha jepesi. Kwani makasha hupangwa kwa daraja 1 mpaka 5, kwa ugumu wa kuyapata na kwa ugumu wa njia. Pakua ramani ungali mjini, maana msituni mtandao hukatika. Andika nambari kwa uangalifu: dakika moja ya latitudo ni mita 1,850 hivi, na sehemu yake ya elfu moja haifiki mita mbili. Ukilipata kasha, tia jina lako katika daftari lililomo. Ukitwaa kitu, weka kingine cha thamani sawa au zaidi, kisha ulirudishe kasha palepale ulipolikuta. Hapana mlinzi wa kukutazama. Mchezo wote umesimama juu ya uaminifu.

Basi siku hiyo tulitoka Mikumi asubuhi, tukapita Kidatu na mashamba ya miwa, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wetu wa kulia. Sanje ipo nyuzi 7 na dakika 46 hivi kusini ya ikweta, na nyuzi 36 na dakika 54 hivi mashariki. Maporomoko yake hushuka kwa hatua tatu, jumla ya mita 170 hivi, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Kwa kuwa ni hifadhi, hatukuficha kasha, wala hatukuokota hata jiwe. Ipo namna ya mchezo isiyo na kasha, iliyoanza mwaka 2004, ambayo mtu hufika mahali, akalitazama umbile la ardhi, akajibu maswali. Nasi tuliifuata namna hiyo. Mwenzetu aliyetutangulia kufika huko alikuwa ametuandikia nambari za mahali chini ya maporomoko, pamoja na swali juu ya miamba yake.

Kijana wetu mkubwa, mwenye miaka 14, alishika simu akatangulia. Mshale ulipoonyesha kuwa zimebaki mita 40 tu, njia ikapinda kwenda kando. Yeye akaona uvivu kuzunguka, akaingia kichakani kuufuata mshale.

"Simama hapo, mwanangu!" akaita mzee aliyekuwa akituongoza.

Kijana akasimama. Mzee akamfikia, akasogeza majani kwa fimbo yake; na hatua mbili mbele palikuwa na genge lenye utelezi, maji yakivuma chini. Miili ilitusisimka.

"Mzee, simu yasema ni hapa," akasema kijana kwa sauti ndogo.

"Yasema kweli. Mahali ndipo, lakini njia siyo."

Tukazunguka, tukafika baada ya nusu saa. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa: tulimfunza kusoma nambari, tusimfunze kuuliza. Chombo hupima mstari ulionyooka, wala hakijui genge. Tena, baina ya miamba na chini ya miti mirefu, mawimbi ya setilaiti hugonga na kurudi, na mshale huweza kupotea kwa mita nyingi.

Tulipokuwa tukishuka, mzee alitusimulia habari za kima aitwaye kwa jina la Sanje, ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima hii. Wataalamu walimtambua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimjua siku nyingi kabla yao.

Adhuhuri ilitukuta kijijini. Kijana akatoa simu, akatafuta upande wa Kibla: kaskazini, kwa kuinamia mashariki nyuzi tano au sita. Tukatandika mkeka. Kabla hatujasimama, tukamwona anamwendea mzee kumwuliza. Mzee akanyosha mkono, nao ukaelekea upande uleule. Kijana akarudi akiwa ametulia, akasimama safuni pamoja nasi.